Nimependekezwa kuwa mwalimu mkuu nami napenda kubaki darasa la kwanza: je, nakosea?

Mwalimu wa Silabi

Walimu wenzangu na watumishi wa kada nyingine, habari za majukumu. Nina jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa, na kwa kuwa kila ninayemweleza nyumbani hunijibu kabla sijamaliza kusema, nimeona nililete mbele ya watu wasionijua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Usambara. Niliajiriwa mwaka 2003, wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, nikiwa miongoni mwa wale waliosoma chuoni mwaka mmoja na kuumalizia mwaka wa pili shuleni huku wakifundisha. Tangu 2005 nimekuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Sikuliomba darasa hilo. Nilipewa kwa sababu hakuna aliyelitaka, kama ilivyo katika shule nyingi ambako darasa la kwanza huangukia kwa mwalimu mgeni au kwa yule asiye na mtu wa kumtetea, na jioni ya siku ile nililia. Ilipofika mwezi wa nane, mtoto mmoja aliyeingia akijua Kisambaa pekee, na ambaye tangu Januari hakuwa amenijibu neno, alisimama mbele ya bango la silabi, akasoma "ma" mara mbili, akanyamaza, kisha akageuka na kusema "mama" kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani. Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa amegundua kwamba alama zile za ukutani ni neno analolijua. Tangu siku hiyo sijaomba kubadilishiwa darasa.

Sasa mwalimu mkuu wetu anastaafu mwezi Desemba, na Afisa Elimu Kata ameniita akanieleza kwamba jina langu limependekezwa. Aliniambia kwa heshima na kwa nia njema, "Mwalimu, chanda chema huvikwa pete." Nilishukuru, nikaomba muda wa kufikiri. Ukweli ni kwamba sitaki. Darasa langu lina watoto 112 mwaka huu, ilhali kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, kwa hiyo naomba nisihesabiwe miongoni mwa wanaokimbia mzigo. Ninachojua ni kwamba nikiingia ofisini nitakuwa mtu wa vikao, benki, ujenzi na taarifa, na darasa la kwanza nitalipita dirishani.

Mume wangu anasema posho ya madaraka, shilingi 200,000 kila mwezi, ingetumalizia nyumba. Mdogo wangu anayefanya kazi katika taasisi ya fedha aliniambia, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, kwamba nimebweteka: miaka ishirini darasa lilelile, bango lilelile, huku wenzangu niliosoma nao chuoni wakiwa maafisa. Neno hilo limenikaa kooni.

Naomba kuuliza mambo matatu. Je, nikikataa, daraja langu na pensheni yangu vitaathirika? Je, yupo aliyewahi kukataa madaraka, na alikataa kwa maneno gani hata asionekane ana kiburi? Na la tatu, ambalo ndilo gumu kwangu: mtu hujuaje kama ameridhika au amebweteka?

Mstaafu wa Chaki

Mwalimu, pokea pole na hongera kwa pamoja. Mimi nilistaafu miaka minne iliyopita baada ya kuwa mwalimu mkuu kwa miaka 17, kwa hiyo nitaanza na swali lako lenye majibu ya hakika, halafu nitasema la moyoni.

Watumishi wengi huchanganya daraja na madaraka, na mkanganyiko huo umewaingiza walimu wazuri katika ofisi wasizozitaka. Daraja ni ngazi yako katika muundo wa utumishi wa walimu: mwenye cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, mwenye stashahada TGTS C na mwenye shahada TGTS D, kisha kila mmoja hupanda kwa kuangalia muda aliotumikia, utendaji wake na bajeti iliyotengwa. Madaraka ni dhamana ambayo unakabidhiwa leo na unaweza kuvuliwa kesho, na mshahara wako wa msingi usitikisike. Upandishaji wa madaraja ya walimu uko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016 badala ya ile Idara ya Utumishi wa Walimu tuliyoizoea, na kuwa mwalimu mkuu si sharti la kupanda. Bila shaka unakumbuka jinsi upandishaji ulivyosimamishwa mwaka huohuo wa 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, ukasuasua kwa miaka kadhaa hadi uliposhika kasi tena mwaka 2021. Katika miaka ile tulisubiri pamoja, sisi wa ofisini na ninyi wa darasani, bila tofauti yoyote.

Kuhusu pensheni, michango ya PSSSF, mfuko wetu wa pensheni wa watumishi wa umma, hukatwa kwenye mshahara wa msingi, asilimia 5 kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri, na posho ya madaraka haimo ndani yake. Kikokotoo huangalia idadi ya miezi uliyotumikia na wastani wa mishahara ya miaka 3 iliyo bora, na ile sehemu ya mkupuo, yaani inayolipwa mara moja unapostaafu, iliyopandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40, hutoka humohumo. Shilingi 200,000 ni fedha halali na husaidia nyumbani, lakini siku utakapokabidhi funguo itabaki pale ofisini. Kinachoinua pensheni yako ni daraja. Kwa sababu hiyo nakusihi sana ufuatilie kumbukumbu zako: hakikisha tarehe ya kupanda kwako mara ya mwisho imeandikwa sawasawa, jaza taarifa zako za PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, kwa wakati hata mtandao unaposumbua huko milimani, na usikae kimya ukidhani kwamba mtu aliyeridhika hadai haki yake. Nimewaona walimu wa namna hiyo, wapole, wenye kupenda kazi, ambao walistaafu wakiwa daraja moja au mawili chini ya stahili yao kwa sababu tu hawakwenda kuuliza.

Sasa la moyoni. Niliukubali ukuu wa shule kwa sababu baba yangu alikuwa hai na alitamani kuniona nikiitwa hivyo. Miaka ya mwanzo haikuwa mibaya. Baadaye fedha za ujenzi zilianza kuletwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani chini ya kamati, bila mkandarasi. Utaratibu huu umejenga madarasa mengi kwa gharama nafuu na siubezi hata kidogo, lakini anayebeba dhamana yake ni mwalimu ambaye chuoni alifundishwa kuandaa somo, si kupima mchanga. Nilifika mahali nikawa najua bei ya nondo ya milimita 12 katika maduka matatu ilhali simjui kwa jina mtoto hata mmoja wa darasa la pili. Risiti moja ya saruji ilipotea, nikaitwa kuhojiwa mara tatu, na ingawa hatimaye ilionekana ndani ya jalada lisilo lake, ile miezi miwili mke wangu hatausahau usingizi niliokosa.

Hata hivyo, katika kata ya jirani alikuwepo mwalimu mkuu ambaye mambo hayohayo yalimpa uhai. Alikuwa akifika eneo la ujenzi alfajiri, anawajua mafundi na watoto wao, vitabu vyake vya fedha vilikuwa safi kiasi cha wakaguzi kuwapeleka wengine wakajifunze kwake. Yeye alikuwa ameridhika ofisini kama wewe ulivyoridhika mbele ya bango lako. Kwa hiyo nikiulizwa, nitasema usikatae kwa kudhani kwamba ofisi ni mahali pa wenye tamaa. Kataa kwa sababu unajua mahali ambapo wewe unafaa.

Kijana wa Kongwa

Dada yangu, shikamoo, na naomba uniwie radhi kwa kuwa mimi sitakuunga mkono. Nina miaka sita kazini. Nilipoajiriwa nilipangiwa shule ambayo jina lake sitalitaja, chini ya mwalimu mkuu aliyekitafuta cheo hicho kwa udi na uvumba. Kabla yake walikuwa wameombwa walimu watatu, wote hodari, wote wapenzi wa kufundisha, na wote walikataa kwa sababu nzuri zinazofanana na zako. Matokeo ya kukataa kwao tuliyaishi sisi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule ya msingi hupokea ruzuku inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, fedha ambayo ni kidogo mno, na kwa sababu ni kidogo, tofauti kati ya mwalimu mkuu mwenye huruma na asiyekuwa nayo huonekana mara moja. Sisi tulikosa chaki katikati ya muhula. Kamati ya shule ilikaa mara moja kwa mwaka.

Umeandika jambo ambalo nimelirudia kulisoma. Umesema darasa la kwanza ulipewa kwa sababu hukuwa na mtu wa kukutetea. Sasa niambie: ni nani anayepanga mwalimu gani aingie darasa gani? Ni mwalimu mkuu. Wewe ukikaa kwenye kiti hicho, kwa mara ya kwanza huenda shule hiyo ikawa na kiongozi anayejua kwamba darasa la kwanza ndilo linalohitaji mwalimu bora kuliko yote, na akalipangia hivyo. Watoto 112 wanakufaidi leo. Ungekuwa mkuu, ungewafaidi wa awali hadi la saba. Zaidi ya hayo, katika kata yetu shule zinazoongozwa na wanawake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mabinti tunaowafundisha wanaliona hilo kila siku wanapopanga mstari asubuhi.

Sisemi una kosa. Nasema kwamba kuridhika kwako kuna watu wanaokulipia gharama bila kuulizwa, na ningependa uwaweke kwenye hesabu zako.

Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo nyote. Mimi nafundisha Kenya, kaunti ya Kilifi, na ingawa sheria zetu zinatofautiana na zenu, swali hili limenigusa kwa kuwa nimeishi nalo.

Huku kwetu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti huanza katika gredi ya B5, na baada ya miaka 3 hupandishwa hadi C1 bila mahojiano. Baada ya hapo milango inakuwa ya kushindania, na mingi kati yake inaelekea kwenye usimamizi: mwalimu mwandamizi, naibu, kisha mwalimu mkuu. Kwa hiyo, tofauti na alivyoeleza mzee wetu hapo juu, mwalimu wa Kenya anayeamua kubaki darasani tu anaweza kukwama kwenye gredi moja kwa miaka mingi sana, na athari yake huifikia hata pensheni. Mwaka 2018 likaongezeka jambo jingine, kwani walimu wakuu walianza kuhamishwa nje ya kaunti zao za nyumbani. Nilikuwa na mama mgonjwa na watoto wadogo wawili. Wenzangu kadhaa hawakufika hata kwenye mahojiano, nami nilikuwa mmoja wao. Utaratibu huo ulilegezwa mwaka 2022, lakini kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuamua kwa sababu nyingine, kwamba ninapenda kufundisha hesabu na sipendi kuandaa mikutano. Bado niko C1. Nayasema haya kwa sababu watu husifu kuridhika kama kwamba hakugharimu chochote. Kwangu kumegharimu, na kila mwisho wa mwezi naiona gharama hiyo kwenye karatasi ya mshahara.

Lakini ninataka kujibu swali lako la tatu, Mwalimu, kwa sababu naamini nina jibu nililolipata kwa aibu. Kati ya 2014 na 2018 mimi nilikuwa nimebweteka, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nikijiita mtu aliyeridhika. Maandalio yangu ya somo yalikuwa yaleyale, nikibadilisha tarehe. Mifano ya sehemu ilikuwa ya machungwa, kila mwaka machungwa, mpaka watoto waliorudia darasa wakawa wananimalizia sentensi. Sikulitambua hilo. Nililitambua mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi mwaka 2019 katika madarasa ya chini, tukaitwa kwenye mafunzo, nami nikajikuta nimekaa nyuma ya ukumbi nikiwa na hasira. Hasira ya nini? Mtaala ule ulikuwa na kasoro zake na mengi yalikosolewa kwa haki, lakini mimi sikuwa nakosoa kasoro. Nilikuwa nakasirika kwa sababu nimeambiwa nijifunze kitu. Usiku ule nilielewa kwamba nilichokuwa nakilinda hakikuwa upendo wa kazi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe: Tanzania mlipoanza mtaala ulioboreshwa Januari 2024, na darasa la kwanza likawa miongoni mwa madarasa ya mwanzo kuupokea, ulijisikiaje ulipokishika kitabu kipya mkononi? Jibu la swali hilo, ukijijibu peke yako, litakutosha kuliko maneno ya ndugu yako.

Muuguzi wa Zamu

Mimi si mwalimu. Ni muuguzi, na niliwahi kukubali kuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, nikakaa miaka miwili, kisha nikaomba kurudi kwenye zamu za kawaida. Ninachangia jambo moja tu, nalo ni la namna ya kukataa.

Usitoe visingizio. Mwenzangu mmoja alikataa kwa kuandika kwamba afya yake si nzuri, akidhani ndiyo njia ya adabu, na miezi michache baadaye akahamishwa kutoka kitengo alichokipenda kwa maelezo kwamba kazi yake ni nzito kwa mtu mgonjwa. Mimi nilipoomba kurudi nilisema ukweli: kwamba nafanya kazi vizuri zaidi nikiwa karibu na mama anayejifungua kuliko nikiwa mezani na ratiba za zamu, na kwamba niko tayari kumsaidia yeyote atakayechukua nafasi yangu kwa miezi mitatu. Msimamizi wangu hakufurahi, lakini alielewa, kwa kuwa hakuachiwa shimo. Barua yako ianze kwa shukrani, iseme uamuzi kwa sentensi moja isiyozungukazunguka, kisha ieleze utakachokifanya badala yake. Na kabla ya barua, nenda ukaonane naye ana kwa ana. Mtu aliyekupendekeza amekuwekea dhamana jina lake mbele ya wakubwa zake, na si vizuri apate habari kwenye karatasi.

Mwalimu wa Silabi

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu sikutaka kujibu kabla ya kutenda.

Mwalimu wa Kilifi, swali lako nililibeba siku nzima. Kitabu kipya kilipofika nilikaa nacho hadi saa tano usiku, nikiweka alama za penseli mahali nilipokubali na mahali nilipoona kwamba watoto wa huku, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya shuleni, wangehitaji hatua moja zaidi katikati. Hali ilikuwa hivyohivyo mwaka 2015 tulipoletewa mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kuambiwa tufundishe sauti ya herufi kabla ya jina lake. Bango langu, ambalo mdogo wangu anadhani ni lilelile, ni la saba. Nimemweleza hivyo kwa simu, na nimemwambia pia kwamba aliniumiza. Tulinyamaza sote wawili kwa muda, halafu akaniuliza bango la kwanza lilikuwaje. Hakuwahi kuniuliza jambo la kazi yangu kabla ya hapo.

Mzee wangu Mstaafu, nimekwenda kuuliza kuhusu kumbukumbu zangu kama ulivyosema, na kweli tarehe moja ilikuwa imekosewa. Nimewasilisha barua yangu ya kupandishwa ili isahihishwe. Peke yangu nisingekwenda.

Na mume wangu tulikaa tukapiga hesabu bila kufichana. Nina umri wa miaka 46. Kama ningekuwa mwalimu mkuu hadi kustaafu kwa lazima nikiwa na miaka 60, posho hiyo ingefika shilingi milioni 33 na laki 6, ikiwa haitabadilika. Si fedha ndogo kwa nyumba yetu. Ni bati, ni sakafu, ni ada ya chuo ya mtoto wetu wa pili. Niliiandika tarakimu hiyo kwenye daftari nikaiacha mezani siku mbili, kwa sababu sikutaka mume wangu aseme baadaye kwamba sikuijua. Siku ya tatu aliniambia, "Basi tutaezeka upande mmoja kwanza." Najua anaubeba uamuzi huu pamoja nami na kwamba yeye hakuuchagua, na sitajifanya kwamba jambo hilo ni jepesi.

Kijana wa Kongwa, marahaba. Wewe ndiye uliyenikosesha raha kuliko wote, na ninakushukuru kwa hilo. Sikuwa nimewafikiria walimu vijana wanaoachiwa kiongozi mbaya baada ya mtu kama mimi kukataa. Nilikwenda kwa Afisa Elimu Kata nikiwa na hoja yako mkononi kuliko yangu. Nilimwambia sitakuwa mwalimu mkuu, nikamwambia na sababu. Kisha nikamwomba mambo mawili. La kwanza, atakayeteuliwa, yeyote yule, akubaliane nami mbele yake kwamba darasa la kwanza na la pili halitapangiwa mwalimu kwa kuadhibiwa au kwa ugeni wake. La pili, anipe jukumu la kuwaongoza walimu wa madarasa ya awali, la kwanza na la pili wa shule zote za kata katika vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo huku kwetu vimekuwa vikifanyika kwa kusuasua kwa kukosa mtu wa kuvisimamia. Ni kazi isiyo na posho. Alicheka akasema nimekataa pete nikaomba jembe. Amekubali la pili palepale. La kwanza amesema atalizungumza na Afisaelimu, na mimi nimeliandika ndani ya barua ili lisipotee.

Barua nimeiandika kama alivyoelekeza dada Muuguzi, kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ikipitia kwa mwalimu mkuu wa sasa na kwa Afisa Elimu Kata. Ina aya tatu. Jibu bado halijaja.

Kijana wa Kongwa

Dada, nimekusoma hadi mwisho. Bado naamini shule yako imepoteza mwalimu mkuu mzuri, na sitaubadilisha msimamo wangu kwa adabu tu. Lakini ombi la kwanza ulilomwomba Afisa Elimu Kata ndilo nililokuwa nalitaka, na sikujua kwamba mtu anaweza kuliomba akiwa amesimama nje ya ofisi. Je, majina mengine yaliyopendekezwa ni ya watu gani?

Na ninalo ombi langu. Kuanzia Januari nimepangiwa darasa la kwanza, watoto zaidi ya 130, kwa sababu ileile uliyoitaja wewe. Nilitaka kulalamika. Naomba unieleze unawezaje kumsikiliza kila mtoto akisoma katika umati huo.

Mwalimu wa Silabi

Majina ni mawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wote walimu wa shule yetu. Ninamheshimu kila mmoja wao, ingawa mmoja ana haraka na walimu wageni, na nimemwambia mwenyewe.

Kuhusu darasa lako: usijaribu kuwasikiliza wote kwa siku moja, utawachosha nawe utachoka. Mimi watoto wangu 112 nimewagawa katika makundi 14 ya watoto wanane wanane, nikichanganya wanaojua kidogo na wasiojua kabisa, na kila kundi lina kiongozi anayebadilishwa kila Jumatatu ili isiwe kazi ya mtoto mmoja mwerevu. Kila siku nasikiliza makundi mawili tu, mtoto mmoja mmoja, huku mengine yakiandika hewani, kwenye mchanga nje ya mlango, au yakipanga vizibo vya soda nilivyoandika silabi kwa kalamu ya wino mzito. Kwa siku saba za masomo nimemsikia kila mtoto. Wewe mwenye 130 na zaidi fanya makundi 16 au 17, uwafikie wote kwa siku nane au tisa. Weka daftari lenye jina la kila mtoto na silabi aliyoishia, kwa sababu bila daftari utawasikiliza walewale wanaokukimbilia, na yule anayekaa karibu na ukuta utafika Machi hujaisikia sauti yake. Anza kukusanya vizibo sasa, utahitaji mia tano hivi. Ukiosha, viache vikauke siku mbili kabla ya kuandika, la sivyo wino hufutika.